Vifungo Sita vya Craigvannie

Hector Kinnaber alinijia nyumbani Jumanne saa nne asubuhi, amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti. Jumanne! Hakuna harusi, hakuna mazishi, mvua inanyesha ya ubavuni, lakini yeye magoti nje, soksi zimevutwa juu, na kile kisu cha urembo kimechomekwa pembeni. Mtu huyu anauza makabati ya jikoni kule Forfar. Jumba la Craigvannie analolitaja kila akifungua mdomo liliuzwa kabla baba yake hajazaliwa, na siku hizi ni hoteli. Hata yeye akitaka kuingia msalani pale lazima anunue kahawa kwanza.

"Bi Effie," akasema mlangoni, "nimekuletea heshima."

"Basi ifute miguu hiyo heshima kabla haijaingia," nikamwambia.

Mimi ni Effie Garrow. Nimeshona sare za jeshi miaka thelathini na minane katika karakana moja ya Edinburgh, na tangu nirudi huku bondeni kwetu, kila anayeokota kifungo shambani hunijia nacho. Na kila mmoja anataka jibu lile lile, ati kifungo chake kilidondoka kwenye vita vya Culloden vya mwaka 1746. Culloden gani? Vingi ni vya makondakta wa tramu na polisi wa Dundee, na vilivyobaki ni vya suruali za wakulima waliochuchumaa nyuma ya ukuta. Nikiwaambia hivyo hununa, wengine hata chai hawamalizi.

Lakini vya Hector vilikuwa habari nyingine. Majira yale ya kuchipua, mafundi wa mitaro walikuwa wakichimba kwenye kinamasi chini ya Craigvannie, wakafukua mifupa ya mtu. Polisi wakaja, wakatazama, wakasema ni ya zamani mno, haiwahusu. Wataalamu wa mjini wakaichukua, wakasema ni kijana mrefu aliyekufa zaidi ya miaka mia iliyopita, kisha wakairudisha izikwe. Nguo zilikuwa zimeoza zote isipokuwa vipande vya kitambaa na vifungo sita.

Hector hata hakungoja. Siku ile ile alitangaza kwenye baa kwamba huyo ni Kapteni Ninian Kinnaber, ndugu wa babu wa babu yake, aliyerudi kutoka vita vya Krimea akatoka kutembea kwenye theluji ya mwaka 1856 asionekane tena. Wazee wa hapa walikuwa wakisema Ninian alikimbilia Ufaransa na mke wa mtu, lakini nani atamwambia Hector? Mazishi yakapangwa Jumamosi, ndani ya ua wa makaburi wa akina Kinnaber ulioegemea ukuta wa kanisa. Mpiga zumari amekodiwa, mwandishi wa gazeti ameitwa, jamaa wa Kanada wameshakata tiketi za ndege. Limebaki jambo moja tu. Kamati ya kanisa ilisema haiwezi kumzika mtu kwa jina la kubahatisha, inataka neno la mtu anayejua vifungo. Hiyo ndiyo heshima aliyoniletea.

Akafungua kisanduku mezani kwangu. Vifungo vitano, vinang'aa kama sufuria mpya, na juu ya kila kimoja fisi-maji ameng'ata samaki.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Nembo yetu. Fisi-maji wa Kinnaber. Wewe tia sahihi tu hapa."

"Nani amevisugua?"

"Mimi kwa mikono yangu. Siku mbili nzima na dawa ya shaba. Vilikuwa vyeusi tii, Bi Effie, vichafu kupindukia!"

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Ukitaka kumuua mtu wa kazi yangu, usihangaike na bunduki, mwambie umesugua kifungo cha zamani kabla hajakiona. Ni ugonjwa wa watu hawa wanaojidai wana askari katika ukoo. Akiona shaba, mkono unamwasha. Babu yake aliadhibiwa jeshini kwa kifungo kisichong'aa, basi naye hawezi kustahimili mpaka aking'arishe kila kitu mpaka kisiseme lolote.

"Nilisikia vilikuwa sita," nikasema.

"Cha sita kimegandiana na tope na kitambaa. Kinatia aibu. Kipo kwenye mfuko wake nyumbani."

"Usikiguse. Umenisikia? Usikioshe, usikipulizie, usikikoholee. Keshokutwa njoo nacho kilivyo kwenye kikao cha kamati."

"Ya nini yote hayo? Nembo si unaiona?"

"Naiona. Tatizo lako ni kwamba ndiyo tu unayoiona."

Akacheka, akidhani nimemtania. Nikavigeuza vile vitano kimoja kimoja. Mtu wa kawaida anatazama uso wa kifungo, mimi naanza mgongoni. Kwa bahati Hector ni mvivu kama alivyo mpumbavu, migongo hakuigusa. Palikuwa na jina la mtengenezaji na mtaa wake wa Edinburgh, limepigwa kwa duara kuzunguka kitanzi cha kushonea. Nikalisoma mara mbili kwa kioo cha kukuzia. Sikumwambia kitu. Ningemwambia pale pale, angetoka akatafute mwingine wa kumtilia sahihi, na wapo tele wanaotia sahihi kwa glasi ya wiski.

Kesho yake akaja Bella Duthie.

Bella ana miaka themanini na minne, na alitembea na mkongojo maili mbili kwenye barabara ile ya mlima kuja kwangu. Nilipomwona langoni nilijua anataka nini, maana bonde zima linajua kisa cha akina Duthie. Kaka mkubwa wa babu yake, Dod, alikuwa mtumishi wa sare kule Craigvannie, mmoja wa wale vijana warefu wanaofungua milango na kusimama nyuma ya viti. Januari 1871, wiki tatu baada ya bwana mzee wa jumba kuzikwa, Dod alitoweka, na vyombo vya fedha vya mezani vikatoweka pia. Bwana mpya, mtoto wa marehemu, akatangaza kwamba Dod ameiba amekimbilia Amerika. Mama yake Dod alitolewa nje ya nyumba yake ndani ya wiki hiyo hiyo, na watoto wanne, theluji ikiwa magotini.

Tangu hapo Duthie ni mwizi. Akiingia dukani macho yanamfuata. Shuleni tulikuwa tukigonga vijiko kwenye makopo nyuma ya Rab, mwanawe Bella, aliyekuwa darasa langu, mpaka nyumbani kwao, na walimu wanacheka. Nasema tulikuwa, maana nilikuwamo, na sikuwa nyuma. Rab alipofika miaka kumi na tisa alipanda meli kwenda Australia, na hajarudi hata kwa mazishi ya baba yake. Nilipomwona Bella anaketi taratibu kwenye kiti changu, nilijionea haya kama mtoto aliyekamatwa.

"Sikuja kunywa chai, Effie mwanangu," akasema. "Nina swali moja. Yule ni Dod?"

"Kwa nini unafikiri ni Dod, mama?"

"Nimekwenda kupaona walipomfukua. Ni mashamba matatu kutoka ilipokuwa nyumba ya mama yake. Mtu anayekimbilia Amerika na mzigo wa fedha anatafuta nini pale? Yule alikuwa anakwenda kwao."

"Kifungo kimoja sijakiona bado."

"Daktari amenipa mpaka wakati wa kuvuna viazi," akasema, kama anayetaja siku ya soko. "Siogopi. Ila nimekuwa ndugu wa mwizi tangu nizaliwe, sitaki kwenda nalo hilo kaburini. Kama ni Dod, azikwe kwa jina lake, karibu na mama yake, nami nione kwa macho. Kama siye, niambie usoni. Usinionee huruma."

"Huruma mimi? Ulizia bondeni."

Akacheka kidogo, kisha akanishika mkono, akaondoka. Nilitaka kumpeleka kwa gari akakataa.

Alhamisi saa nane mchana tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Mchungaji wetu, Ailsa Tosh, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, ndiye aliyeketi kichwani pa meza. Hector alikaa upande wake wa kulia bila kukaribishwa. Watu walijaa hata madirishani, maana huku kwetu hakuna kinachojaza ukumbi kama tamaa ya kumwona mtu akiaibika, ila kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyetaka aaibike. Bella alikaa nyuma kabisa, mkongojo magotini.

"Bi Garrow," akasema Mchungaji, "ni Kapteni Kinnaber au siye?"

"Siye," nikasema.

Hector akaruka. "Nembo ile ni ya nani? Ya paka?"

"Ni yenu. Ndiyo maana si ndugu yenu. Hebu niambie, Hector, hayo makabati unayouza, jina lako limeandikwa kwenye kabati au kwenye shati lako?"

"Kwenye mashati ya vijana wangu wa kubeba. Yanahusu nini hayo?"

"Wewe unavaa lenye jina?"

"Mimi nivae la nini? Mimi ndiye mwenye…"

Mtu mmoja kando akakohoa, na wengine wakaanza kuminya midomo.

"Endelea, malizia," nikasema. "Wewe ndiye mwenye mali. Mwenye jumba hakuvaa nembo yake kifuani, alimvalisha anayemfungulia mlango, ili wageni wajue mlango ni wa nani. Kapteni angekuwa na vifungo vya kikosi chake, vyenye namba. Nimevishona maelfu, navijua hata gizani. Hivi ni vya mtumishi."

"Haya, tuseme kapteni aliazima koti la mtumishi! Palikuwa na baridi!"

Loo, huyu mtu hachoki kujichimbia. Nikampa Mchungaji kioo cha kukuzia na kifungo kimoja, mgongo juu. "Soma mtaa."

Akasoma kwa sauti. Nikawafungulia kitabu cha anwani za mafundi wa Edinburgh, nilichokibeba chini ya kwapa. Fundi yule alihamia mtaa ule mwaka 1869 na akauhama mwaka 1874. Kapteni alipotea 1856. Kifungo hiki hakijatengenezwa bado, atakivaaje?

"Sasa nipe cha sita."

Akautoa mfuko kwa shingo upande. Ndani mlikuwa na bonge jeusi la tope na ufumwele wa sufu. Nikalilowesha kwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la kanisa, nikaliacha lilegee, nikapangusa polepole kwa kitambaa cha sufu. Tope likatoka la kahawia, maji yakageuka rangi ya chai. Chini yake kifungo kikabaki cheusi. Nikapangusa tena. Cheusi, tena chenye mng'ao laini, na fisi-maji mweusi juu yake.

"Bado kichafu," akasema Hector. "Nipe mimi, nina dawa."

"Kaa chini! Huu si uchafu, ni rangi. Imepakwa na fundi na kuchomwa tanuruni. Bwana wa jumba akifa, watumishi walivuliwa vifungo vya rangi ya dhahabu wakashonewa vyeusi, walie msiba ambao si wao. Vyote sita vilikuwa hivi. Vitano wewe umevifuta maombolezo kwa dawa ya shaba, siku mbili nzima, na umekuja kunionyesha kwa furaha!"

Mchungaji alikuwa ameshaanza kuhesabu vidoleni. "Kati ya 1869 na 1874," akasema, "Craigvannie walipata msiba lini?"

"Mara moja tu. Kaburi la bwana mzee liko hapo nje, katoke usome. Desemba 1870. Na mtumishi aliyepotea ndani ya msiba huo ni mmoja tu."

Wote waligeuka nyuma kumtazama Bella, na yeye akawatazama wote mmoja mmoja. Wapo walioinamisha macho, na walifanya vizuri.

Mngedhani Hector angeufyata. Thubutu! Akasimama, uso mwekundu, akanyoosha kidole. "Basi tumempata mwizi wetu! Mnataka kumfanyia sherehe mtu aliyetuibia?"

"Gib," nikamwita fundi wa mitaro, aliyekuwa ameegemea mlango na buti zake za tope. "Wewe ndiye uliyemfukua. Pale ulipata nini?"

"Mifupa, vifungo sita, na kichuma cha mkanda," akasema Gib Mearns.

"Vyombo vya fedha?"

"Nimepita na mashine ya kutafuta chuma mara tatu, Bi Effie, mpaka kwenye ukuta wa mawe. Hata kijiko cha chai sikupata."

"Alivificha mahali!" akapiga kelele Hector.

"Huenda," nikasema. "Na huenda havikutoka jumbani mikononi mwake. Babu wa babu yako alirithi jumba mwezi ule, naye alipenda kamari ya farasi wa mbio kuliko alivyompenda Mungu, hilo mmeliandika wenyewe kwenye kile kijitabu chenu cha ukoo. Mimi fundi wa vifungo tu, sijasema kitu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na mimi nilikifurahia, sitasema uongo. Hector akaanza kukusanya makaratasi yake. "Kwenye ua wa Kinnaber hazikwi mtumishi," akasema. "Hilo mlijue."

"Nani kakuomba?" Sauti ya Bella ilitoka nyuma, si kubwa, lakini kila mtu aliisikia. "Kwetu kuna nafasi."

Jumamosi mvua ikakatika. Jamaa wa Kanada walikuja, maana tiketi haziwezi kurudishwa, wakasimama makaburini na vikoti vyao vipya wakiuliza kila mtu kapteni yuko wapi. Hector naye akaja kwa kilti. Nilishangaa, kisha nikaelewa kwamba asingekuja wangemuuliza zaidi. Alikuwa amewaambia palitokea "mabadiliko madogo." Mpiga zumari alikuja bila kuitwa upya, akasema atampigia Dod bure.

Kaburi lilichimbwa kando ya mama yake Dod, ambaye hana jiwe hata la kuegemeza ua. Jeneza lilikuwa jepesi. Mchungaji aliweka juu yake kimfuko cha kitambaa cheupe chenye vile vifungo sita, kwamba mtu azikwe na alivyokutwa navyo. Nami, niliyewapigia wengine kelele wiki nzima, nilikuwa nakitazama kile kimfuko kwa tamaa. Cheusi cha msiba chenye rangi yake kamili sina kwenye mkusanyo wangu, na sitakipata tena maisha yangu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwomba Bella kimoja tu.

Kwetu jeneza huteremshwa kwa kamba, na anayepewa kamba ni mtu wa marehemu. Mwenye msiba ndiye anayeita majina. Bella akaita: ya kichwani akaichukua mwenyewe. Ya miguuni ni ya Rab, akasema, na kwa kuwa Rab hayupo, aishike Effie Garrow. Nikaenda nikaishika. Akamwita Gib, akamwita Mchungaji, akawaita majirani wawili ambao Alhamisi walikuwa wameinamisha macho. Akafika kwa Hector, akasimama mbele yake. Na yule bwana, mbele ya jamaa zake wote wa Kanada, akanyoosha mkono kupokea kamba.

Bella akageuka, akakichukua kile kimfuko juu ya jeneza, akakiweka kwenye kiganja cha Hector kilichokuwa wazi.

"Hivi ni vyenu," akasema. "Alivivaa kwa kuwa ilimbidi, na amevivaa miaka mingi kuliko mtumishi wenu yeyote. Leo ametoka kazini."

"Bi Bella, mimi sikuwa na maana…"

"Vichukue nyumbani. Sisi wetu ni huyu."

Mama mmoja wa Kanada akajongea, akachungulia mkononi mwa Hector. "Ni vya kapteni hivyo?" akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri. Hector akanitazama mimi, macho yananiomba niseme chochote, maana mimi ndiye mjuzi. Nilikuwa na maneno tele, nilikuwa nayo tangu Jumanne. Lakini mikono yangu ilikuwa imeshika kamba ya Rab Duthie, nikaona sistahili kufungua mdomo.

"Teremsheni," akasema Bella, nasi tukamteremsha Dod kwa mama yake.